Motere Iliyokaa Saloni Kwetu

Motere ililetwa nyumbani kwetu juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, imefunikwa bashi, turubai la bluu, ikisukumwa na vijana wawili waliokuwa wakihema. Mwanzoni nilidhani wameleta maiti. Mwaka ule vita vilikuwa Rutshuru, kaskazini mwa mji wetu, na wapo waliokufa huko ambao waliletwa mjini namna hiyohiyo, wamefunikwa, hakuna anayesema neno. Nilikuwa uani nakanda unga wa mandazi ninayouza asubuhi. Nilisimama na unga mikononi, nikaanza kuwapitia akilini watu wetu wa Kalengera, hukohuko Rutshuru, mmoja mmoja: nani hajapiga simu, nani alikuwa mgonjwa.

Kisha mume wangu akatokea nyuma ya chukudu, jasho linamtoka, anacheka.

"Mama, fungua mlango wote. Inaingia saloni."

"Nini inaingia saloni?"

"Motere."

Waliiinua kwa kamba na mti, wakapiga kelele, wakakwaruza ubao wa mlango, wakaiweka hapo sebuleni, mahali palipokuwa na meza yetu ya kulia. Ilikuwa injini ya gari, bloku tupu ya chuma, nyeusi, yenye mashimo sita yaliyokuwa yakiangalia juu. Meza ilitoka nje na ikanyeshewa mvua mpaka ikapinda. Haikurudi ndani tena.

Mume wangu alikuwa fundi katika garaji moja upande wa Birere. Angeweza kuijenga motere yake hukohuko, lakini garajini wenye bunduki waliingia walivyotaka. Leo wanataka betri, kesho wanataka magurudumu, na fundi anasema "ndiyo afande" na kuangalia chini. Nyumbani, alisema, hakuna atakayejua. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingine zote za mtaa. Ukikohoa kwetu, jirani anakuambia pole. Ndiyo maana aliposema hakuna atakayejua, sikumwamini.

Ilikuwa ya pikapu kuukuu aliyoinunua bila motere, lakini hakutaka motere ya kawaida. Kibumba, na juu zaidi Masisi, hewa ni nyepesi, na motere kuukuu ya mazutu, ya dizeli, ikipanda huko na mzigo inaishiwa pumzi kama mzee. Alitaka kuiwekea turbo. Alinieleza akiwa amechuchumaa mbele ya mbabula yangu, jiko la mkaa, akipepea makala kwa kipande cha katoni.

"Umeona? Nikipepea, moto unaongezeka. Turbo ni hii. Ni feni ndogo. Moshi wa motere wenyewe unaizungusha, nayo inasukuma hewa ndani. Hewa mingi, moto mingi, nguvu mingi."

"Na moto ukizidi?"

"Njo maana naijenga polepole," alisema.

Sababu ya yote hayo yeye hakunieleza. Aliyenieleza ni mama yake, ambaye tulikuwa tunaishi naye. Siku mlima wa volkano ulipopasuka na moto ukashuka mpaka katikati ya mji, kabla sijaolewa, wao walikuwa Munigi. Baba mkwe alikuwa na pikapu kuukuu aliyopandia Kibumba kuleta kabichi na vitunguu. Njia ya kushuka mjini ilikuwa imeshakatwa na moto, kwa hiyo walipakia godoro, mbuzi, jirani na watoto wake, wakaelekea juu. Gari lilipanda kidogo, likatoa moshi mweusi, likasimama. Watu wote wakaruka chini. Baba mkwe alikataa. Aliendelea kuzungusha ufunguo, akiibembeleza motere kama anavyobembelezwa ng'ombe aliyelala njiani. Mume wangu, kijana wakati ule, alimvuta kwa kola mpaka shati likapasuka, akamtoa. Walipokuwa wamefika juu kwa miguu waligeuka, wakaliona gari katikati ya ule uji mwekundu. Halikuwaka mara moja. Liliinama kwanza upande mmoja.

Baba mkwe hakuendesha tena. Alikaa kwenye kiti nje ya nyumba ya ndugu, kifua kikamshika, akafa kabla mwaka haujapita sana.

"Mutoto wangu haogopi risasi," mama mkwe aliniambia. "Anaogopa gari lisilopanda."

Basi tuliishi na motere. Nililala nikinusa mazutu, nikaamka nikinusa mazutu, na wateja wangu wakaanza kuuliza kwa nini mandazi yangu yana harufu ya lori. Nilipikia nje hata mvua ikinyesha, maana niliona wazi jinsi cheche moja ya makala ingeruka mpaka kwenye vitambaa vyake vya mafuta na sisi sote tukaungua ndani ya mbao zile. Nilikuwa na mimba, ya kwanza iliyokuwa imeshika baada ya mbili zilizotoka. Kila kitu kilinitisha. Nilitishwa na vijana waliopita barabarani wakigeuza shingo, na watoto wa jirani waliochungulia kwenye pazia. Wageni tuliwaambia ni motere ya mashini ya kusaga mahindi. Walitikisa kichwa kwa heshima, wakaiangalia tena.

Lakini siwezi kusema nilikaa mbali nayo. Aliniita nishike hiki, nivute kile. Nilimshikia taa alipokuwa akisaga vali, akizungusha kijiti kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto, saa nzima kwa vali moja, kisha anaipaka wino wa kalamu na kuangalia kama imekaa sawa. Pistoni mpya zilitoka Kampala ndani ya mkoba wa dereva wa basi, zimefungwa kwenye suruali. Tulipoingiza pistoni ya kwanza, yeye alibana pete zake kwa bati nyembamba na mimi nikaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Ikashuka, ikateleza bila sauti. Mume wangu alifumba macho. Nilifurahi pia, kwa muda mfupi, mpaka nilipokumbuka kwamba kila kitu tunachoongeza pale kinakifanya kitu kile kitamanike zaidi.

Turbo yenyewe aliitoa kwenye lori lililopinduka njia ya Sake. Aliiosha kwa petroli, akaizungusha kwa kidole, akasikiliza. "Iko muzuri," alisema. Alisema hivyo haraka sana. Nilikuwa nimezoea kumwona akitilia shaka hata parafujo, na nilishangaa, lakini sikuuliza.

Vita vilishuka. Vilitoka Rutshuru vikafika Kibumba, na barabara ya kaskazini ikajaa watu wenye magodoro kichwani wanaokuja kwetu. Mizinga ilisikika mchana, mbali, kama mtu anayeangusha magunia kwenye ghala. Tulijifunza kuitofautisha na ngurumo za mvua, na zote mbili kuzitofautisha na mlima. Mtaa mzima ulikuwa umetega masikio. Na katika majuma hayo hasa, mume wangu akamaliza motere.

Nilimwomba angoje. "Batu banaogopa, papa. Usiwashe kitu hapa sasa."

"Wakifika hapa kabla sijajua kama inawaka, nitakuwa nimejenga nini?" alisema. "Nitaiwasha dakika moja tu, nizime, niweke ndani ya gari, twende Bukavu kwenu."

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Waliitoa uani na wenzake wawili wa garajini, wakaifunga kwa bolti kwenye fremu ya vyuma aliyoiunganisha mwenyewe. Mazutu yalikuwa kwenye bidoni, dumu la plastiki, iliyotundikwa ukutani. Kinywa cha turbo, pale hewa inapoingia, kilikuwa wazi, kikubwa kama mdomo wa kikombe. Mama mkwe alileta kiti chake akakaa kama anayesubiri harusi. Mimi nilikaa karibu na meza yangu ya mandazi.

Iliwaka mara ya pili. Mlio ulikuwa laini kuliko nilivyotegemea, na juu yake mluzi mwembamba, wa turbo. Mama mkwe akapiga vigelegele. Mmoja wa wale vijana akamkumbatia mume wangu. Nilijikuta natabasamu.

Kisha mlio ukaanza kupanda.

Hakuna aliyekuwa amegusa kitu. Mume wangu alikunja uso, akafunga mazutu. Mlio ukaendelea kupanda. Akang'oa kabisa bomba la mazutu, yakamwagika kwenye mawe, na motere haikujali. Moshi mweupe wenye ubluu ukajaza ua mpaka sikuuona tena ukuta. Fremu ilianza kuruka. Mluzi ukawa kilio, kikawa kama cha ndege inayotua juu ya paa.

"Inakunywa mafuta yake!" mume wangu alipiga kelele. "Turbo inapitisha oili! Kimbieni!"

Wale vijana walikimbia. Yeye hakukimbia. Nilimwona kupitia moshi akizunguka upande wa kinywa cha turbo, ameinua mkono wa kulia, kiganja wazi, na nikaelewa anataka kuziba hewa kwa kiganja. Ndani ya kinywa kile feni ilikuwa inazunguka kwa kasi isiyoonekana. Sijui nilivyofika. Nakumbuka nilishika ubao wangu wa kukandia, ule mzito wa mti wa mkaratusi, na unga bado uko juu yake, nikamsukuma kwa bega na kuubandika kwenye kinywa. Ubao ulinyakuliwa mikononi mwangu. Motere iliuvuta kwa nguvu, ikatetemeka, ikakohoa, ikatetemeka tena mpaka meno yangu yakagongana. Ikanyamaza.

Kwanza sikusikia kitu. Mume wangu alikuwa ananiangalia tumboni, sio usoni. Kisha masikio yakafunguka nikasikia mtaa. Watu walikuwa wanalia. Milango inagongwa, mama anaita watoto wake, miguu mingi inapiga mawe. Nilitoka mpaka kwenye lango nikawaona wakikimbia kuelekea mpaka wa Rwanda, na masufuria, na wagonjwa, kwa sababu ya motere yetu. Wengine walidhani ni bomu, wengine walidhani mlima. Jirani yetu bibi mmoja alianguka akavunjika mkono. Nilikwenda kumshika. Aliniangalia na unga wangu na moshi kwenye nguo, akasema tu, "Ni nyinyi?"

Hatukuwaomba radhi watu wote, hatukuwa na muda. Siku chache baadaye mji ulianguka kweli. Askari wa serikali walipita mbele ya nyumba wakielekea Sake, wengine wamevua viatu, na baada yao kukawa kimya, na baada ya kimya wakaingia wale wengine, waasi, kwa mstari, kandokando ya barabara.

Umeme ulikatika na mabomba yakakauka. Mume wangu alikuwa amekwenda ziwani kuchota maji walipokuja kwetu. Walikuwa watatu. Mbele yao alikuwa mtu wa mtaa wetu, anayeuza vocha za simu kwenye kona, na hakuniangalia machoni. Mkubwa wao alikuwa kijana, viatu safi, sauti ya chini.

"Mama, usiogope," alisema.

Aliposema hivyo ndipo nilipoogopa.

"Batu banasema hapa kuna motere ya nguvu."

"Ilikuwapo," nikasema. "Ilikufa."

"Ilikufa namna gani?"

"Mutaa wote ulisikia. Waulize."

Muuza vocha akajibu haraka, "Ni kweli afande. Ililia sana, batu bakakimbia. Kisha ikanyamaza."

Walikwenda uani. Motere ilikuwa palepale kwenye fremu, imepakwa masizi na mafuta. Nilitumaini kijana yule hajui kitu. Alivua kofia, akaingiza vidole kwenye kinywa cha turbo, akakishika kile kifeni na kukisukuma juu na chini. Kilicheza. Alinusa vidole.

"Turbo imekufa," alisema. Kisha akaweka kiganja juu ya bloku, akakiacha hapo, kama daktari. "Lakini hii bado muzima. Nani alijenga?"

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake, akamsemesha kwa Kinyarwanda. Alimwambia yeye ni mtu wa Kalengera, ana watoto wa dada yake huko, hajui kama wako hai. Akamuuliza kwao ni wapi na mama yake anaitwa nani. Aliuliza kwa upole, kama anavyouliza mgeni yeyote. Kijana aliondoa mkono.

Walichukua betri. Walichukua sanduku lote la funguo za kazi, zile spana, na mandazi yaliyokuwa kwenye beseni. Mlangoni akageuka.

"Bwana yako ni mekanisie. Akirudi, aje kwetu pale shuleni. Tuko na malori inalala."

"Atakuja," nikasema.

"Asipokuja, tutamufuata."

Mume wangu alirudi akisukuma baiskeli yenye bidoni za maji. Nilimwambia yote. Kitu cha kwanza alichokitafuta kwa macho ni sanduku la funguo, na nilikaribia kumpiga. Kisha akakaa chini kwenye mawe.

"Nikienda, sirudi," alisema.

"Basi usiende," mama yake akasema, na akaingia ndani kumfungia blanketi.

Alijificha kwa mapadri, katika ghala la parokia, nyuma ya magunia ya maharagwe. Mimi na mama mkwe tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa mlango. Kila kiatu kilichokanyaga changarawe nje nilijua ni wao. Walirudi mara moja tu, na hawakuwa walewale. Hawa walitaka chakula, wakaingia jikoni, wakatoka, hata uani hawakufika. Nilikaa nao huku mkono wangu uko tumboni, nikimwomba mtoto asitulie, acheze, nijue yuko. Baadaye, kwa makubaliano ya wakubwa ambayo sisi tuliyasikia redioni, wale watu waliondoka mjini, kwa mstari vilevile. Mume wangu alitoka ghalani amekonda, ananuka maharagwe. Binti yetu alizaliwa akiwa hai, na sauti.

Motere ilikaa miezi mingi chini ya bashi kabla hajaigusa tena. Nilimpa sharti: pale kinywani awekee kifuniko cha chuma chenye waya unaofika ndani ya gari, ambao mtu akiuvuta hewa inakatika. Alikubali bila kubishana. Alitafuta turbo nyingine, na safari hii aliikagua siku nzima, akaifungua yote na kuipanga kwenye gazeti. Hatimaye motere ikaingia ndani ya pikapu, na pikapu ikapanda Kibumba na magunia ya viazi, ikapita malori makubwa kwenye kona, ikipiga mluzi. Watu walimsimamisha kumuuliza. Mimi nilipanda nayo mara chache sana. Nikipanda nilikaa nimeshika ule waya, na mlio ukibadilika hata kidogo namwangalia usoni.

Binti yetu alikuwa msichana wa shule ya msingi mlima ulipopasuka tena. Anga lilikuwa jekundu jioni, na sisi tulikimbia na wenzetu, tukarudi asubuhi tukakuta moto umesimama kabla ya mji, umekula nyumba za upande wa Munigi na Buhene. Lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka mchana wote, siku baada ya siku. Vikombe viligongana kabatini, barabara ikapasuka, na mama mkwe hakukubali tena kukaa ndani. Kisha asubuhi moja wakubwa wa mji wakatangaza redioni kwamba watu waondoke, maana moto unaweza kuwa umeshuka chini yetu, chini ya ziwa lenyewe.

Tulipakia. Mume wangu hakuwa na wasiwasi. Nilimwona anafunga kamba kama mtu anayekwenda kazini. Mji wote ulikuwa umeingia njia ya Sake. Magari, pikipiki, chukudu, watu kwa miguu, mbuzi, mama aliyembeba mgonjwa kwenye toroli. Pikapu yetu ilikwenda nyuma ya mwanamke mwenye godoro kichwani. Yeye alikwenda hatua kwa hatua, na sisi tulikwenda hatua kwa hatua. Akisimama kupumzika, tunasimama. Ile motere yenye uwezo wa kupanda Masisi na tani za viazi haikuwa na mahali pa kwenda, na katika kusimama na kusogea ikaanza kupata joto. Nilikuwa naangalia mshale wa joto. Yeye pia alikuwa anauangalia.

Ardhi ikatikisika tena. Watu wakapiga yowe, wakasukumana. Mshale ukaingia kwenye nyekundu, mvuke ukatoka chini ya boneti, na mume wangu akazima.

Nilisubiri. Moyoni nilikuwa nimeogopa dakika hiyo kwa miaka, kuliko nilivyoogopa wale watu watatu uani. Nilijua alichokijenga na kwa nini, na sikujua kama nitaweza kumtoa.

Mama yake, kutoka nyuma, akasema, "Mwanangu, tushuke tutembee."

"Ndiyo, mama," akasema.

Ni hayo tu. Aliomba wanaume waliokuwa karibu wamsaidie kulisukuma gari nje ya njia, chini ya mikaratusi. Alichukua bidoni ya maji na blanketi. Akapiga magoti, mama yake akapanda mgongoni, nikamfunga kwa kitenge. Binti yetu alibeba sufuria. Tulitembea mpaka Sake, na mimi ndiye niliyegeuka nyuma mara kwa mara kuangalia kama gari bado linaonekana. Yeye hakugeuka. Alikuwa analia, lakini alitembea vizuri.

Tulikaa Sake katika shule moja, tukilala sakafuni, mpaka ardhi ilipopunguza na watu wakaanza kurudi. Mume wangu alisema gari halipo tena, tusijisumbue, lakini tukapitia njia ileile kwa kuwa hakuna nyingine. Lilikuwapo. Kutoka boneti mpaka kwenye mkaratusi palikuwa pamefungwa bashi, na chini yake mwanamke anapika maharagwe. Watoto wake walikuwa wamelala nyuma ya pikapu. Boneti ilikuwa wazi, na juu ya motere, juu ya turbo kabisa, zilikuwa zimeanikwa nguo ndogo za mtoto mchanga.

Mwanamke alipotuona akasimama, akashika mwiko kwa mikono miwili.

"Papa, utusamehe. Nyumba yetu iliungua. Hatukuiba kitu."

Mume wangu aliangalia nguo zile kwa muda. Kisha akatafuta jiwe akakaa.

"Mulilala muzuri?" akauliza.

"Mvua haikuingia."

"Basi mumalize kula kwanza."

Tulikaa nao. Alitugawia maharagwe, kidogokidogo, katika sahani mbili. Nguo zilipokauka alizikunja, na mume wangu akatia maji kwenye radiateri, akakagua mafuta, akawasha. Mluzi ulipoanza, yule mama aliruka akavuta watoto wake. Mimi pia nilikuwa nimeshaushika waya.

Tulirudi nao polepole, wao wamepanda nyuma, sisi mbele, moshi wa mlima uko mbele yetu mnene na wa kijivu. Njiani mwanamke aligonga kioo cha nyuma. Nikageuka nikafungua.

"Mama, mulima umemaliza?" akauliza.

Nilimwambia awashike watoto vizuri, mbele njia imepasuka.